Msiba wa Veeru

Habari ilishuka kutoka mlimani. Jumatatu ya tarehe 24 Novemba 2025 Mjomba alikuwa kwake Chome, chini ya msitu wa Shengena, mahali ambapo mtandao wa simu unapatikana juu ya jiwe moja tu nyuma ya zizi la mbuzi. Alisikia redioni, akapanda jiwe, akampigia Baba huku Same mjini. Baba alikuwa dukani kwa jirani ananunua kiberiti. Simu yake ni ile ya tochi, na sauti ameiweka juu hadi mwisho, kwa hiyo duka zima lilisikia.

"Shemeji, Veeru ametutoka."

Baba akaketi juu ya gunia la mkaa. "Lini?"

"Leo hii. Na wameshamchoma."

Mwenye duka akaacha kupima sukari. Wateja wakatazamana. Huku kwetu mtu akisikika amechomwa, watu hawaulizi kilichotokea, wanauliza aliiba nini. Mama mmoja alianza kwa upole: marehemu ni ndugu wa karibu? Baba akajibu kwamba ni zaidi ya ndugu, wamekuwa naye tangu ujana. Pole sana mzee, na alikuwa akifanya kazi gani? Baba akafuta machozi kwa kofia yake. "Alikuwa mwizi," akasema. "Lakini mwizi mwenye utu."

Kufika jioni, kuanzia stendi hadi sokoni, ilijulikana kwamba nyumba yetu imefiwa na kijana aliyeuawa na wananchi wenye hasira, na kwamba familia inalichukulia jambo hilo kwa uwazi wa kupongezwa.

Aliyefariki alikuwa Dharmendra, mwigizaji wa Kihindi, huko Mumbai, akiwa na miaka 89, wiki mbili tu kabla ya kutimiza 90, na alichomwa kwa taratibu za dini yao. Ila kwa Baba na Mjomba, Dharmendra ni jina la kwenye hati ya kusafiria. Jina lake hasa ni Veeru, mmoja wa wezi wawili wa Sholay, filamu ya Ramesh Sippy iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975. Mwenzake ni Jai, yaani Amitabh Bachchan, mrefu, mkimya, ambaye kila penye uamuzi mgumu hurusha sarafu hewani. Ofisa wa polisi aliyewakamata alikuwa akiwasafirisha kwa treni, wamefungwa pingu, majambazi wakavamia. Akawafungulia, wakapigana upande wake, akajeruhiwa. Hapo wangeweza kutoroka. Sarafu ikarushwa, ikaamua wampeleke hospitali. Miaka baadaye ofisa huyo, Thakur, anawatafuta wezi walewale wamkamatie jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Ukishalijua tukio la treni umeshawajua watu hao wawili, ingawa filamu inaendelea kwa zaidi ya saa tatu. Naomba msomaji azikumbuke hizo saa tatu, kwa kuwa kesi yetu nzima imetokana nazo.

Baba na Mjomba waliiona Tanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, walipokuwa vibarua kwenye shamba la mkonge. Baba anasema ilikuwa jumba la Majestic, Mjomba anasema siyo Majestic, na mimi nimeacha kuuliza. Zama hizo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ilikuja 1994. Aliyeona filamu mjini akapanda nayo milimani alikuwa na mali mkononi. Baba aliipandisha Sholay hadi Chome, akaisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya zamu ya maji ya bwawa la ndiva, na kwenye vilabu vya dengelua kabla Mama hajamwokoa. Wakenya leo wana DJ Afro, Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, watu waliojipatia jina kwa kuitafsiria hadhira filamu za wageni huku wakiongeza pilipili zao. Baba alifanya kazi hiyohiyo bila mashine na bila filamu.

Kihindi hakijui hata salamu. Wala hakikumsumbua. Katika Sholay yake Gabbar Singh hakuwa jambazi wa porini tu, alikuwa mkusanya kodi ya mbiru, ileile iliyowafanya wazee wetu mwaka 1945 washuke kwa maelfu kutoka milimani wakapiga kambi hapa Same kuwagomea Waingereza. Wanakijiji wa Ramgarh, kijiji cha kwenye filamu, nao wakashuka na mablanketi yao. Majabali ya filamu, ambayo kwa kweli yako Ramanagara karibu na Bangalore, yanafanana na ya Hedaru kiasi kwamba mimi nilikua nikiamini Gabbar aliishi nyuma ya Makanya, na kila basi letu lilipopita pale niliinama chini ya kiti. Mwisho wa hadithi ulikuwa mmoja siku zote: Gabbar amekamatwa, na Jai na Veeru wanaondoka wote wawili juu ya pikipiki yenye kiti cha pembeni, wakiimba.

Mjomba alikuwapo mara nyingi wakati Baba akisimulia. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, hasa pale mwishoni.

Huyu Mjomba ni kaka wa Mama, na ndiye aliyetumwa kupima maji kwa babu Baba alipotaka kuoa. Alirudi na majibu mazuri na mahari iliyopanda mbuzi wawili. Ilikuja kujulikana kwamba alimsifia hivi: ni kijana mwaminifu, madeni yake yote anayakumbuka, mlevi siyo, anaishiwa pesa mapema. Katika filamu, Jai anamposea Veeru kwa dada wa mama yake Basanti, msichana anayependwa na Veeru, kwa mtindo huohuo, na Baba alipolalamika Mjomba alimwambia ashukuru, ameposewa kisinema.

Na Mjomba ana sarafu. Ni shilingi moja ya zamani, ile yenye kichwa cha Mwalimu upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, iliyokwisha matumizi siku nyingi. Kila jambo baina yao liliamuliwa nayo. Nani apande na mzigo na nani ashuke mikono mitupu, nani abaki na baiskeli, nani akamwambie babu kwamba mbuzi aliyepotea hakupotea. Mjomba husema "Mwalimu," hurusha, hukanyaga kwa kiatu, huinua kiatu kidogo tu, huokota. Baba alikuwa akisema shemeji yake ana nyota.

Rudi kwenye msiba. Jumanne asubuhi wanawake wa mtaa walikuja na khanga mabegani, na sukari, majani ya chai, kilo za mchele. Mama alikuwa akifua. Alipokea mkono wa pole wa kwanza akidhani ni kwa ajili ya mgongo wake unaomsumbua, akashukuru, akaeleza unavyouma usiku. Wa pili alipoanza kulia ndipo akaacha kufua. Mchana mjumbe akaleta daftari la rambirambi likiwa limeshapigwa mistari: elfu mbili, elfu tano, debe la mahindi, elfu mbili ahadi.

"Baba watoto," Mama alisema jioni, "nenda kawaambie watu ukweli."

"Ukweli upi? Sijamdanganya mtu."

"Waambie ni mtu wa picha."

"Mama watoto, watu wametoa kwa moyo. Ukiwaambia sasa hivi utawaaibisha."

Hapo namkubali Baba nusu. Siku ya kwanza uongo ulikuwa haujazaliwa bado. Ulizaliwa siku ya tatu, alipokodi turubai na viti.

Wazo lilikuwa la Mjomba, aliyeshuka kutoka Chome na mkungu wa ndizi, viazi vya kutosha shule nzima na uso wa mfiwa. Alisema njia ya heshima ni kuwaita waliotoa pole, kuwalisha, kisha kuwaonyesha marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Wakiiona Sholay wenyewe hawatadai chochote. Ilibidi iwe Jumamosi baada ya jua kutua, kwa sababu Mama ni Msabato wa Suji na Sabato haivunjwi kwa ajili ya Gabbar Singh. Makande yakapikwa Ijumaa, sufuria la harusi, mahindi yaliyokobolewa na maharage yaliyochemka tangu alfajiri, yakalala. Makande yaliyolala ndiyo makande. Ya siku hiyohiyo ni mboga tu. Runinga tukaitoa, tukaiweka juu ya meza kibarazani, mwanangu akachomeka flashi, waya ukavutwa kutoka sebuleni kupitia dirishani, ukafungwa kwenye mlingoti wa turubai usikanyagwe.

Fundi aliyekuja kuangalia umeme alituuliza kwa nini waya tumeufunga pale. Mjomba akamwambia ahudhurie msiba, asitufundishe kazi.

Watu walijaa. Walikuja waliotoa, walikuja na ambao hawakutoa wakiwa na sahani zao. Baba alisimama akasema maneno machache kuhusu marehemu, kwamba aliishi maisha ya kubahatisha lakini hakumtupa rafiki, akampa mwanangu ishara.

Sitasahau nyuso za watu treni ilipotokea na huyo kijana aliyedhaniwa amechomwa na wananchi akaonekana amefungwa pingu, Mhindi, akicheka. Palipita kimya. Mwenye duka akageuka kumtazama Baba, Baba akawa ameinamia sahani. Nilidhani kelele zitaanza. Kisha majambazi wakaanza kuipanda treni na hakuna aliyesema neno, maana nani awezaye kusimamisha ugomvi wa treni ili adai elfu mbili yake?

Nimeshasoma wataalamu wakisema filamu ile imedumu kwa sababu ya Gabbar, na ni kweli Amjad Khan anatisha. Huko India hata mazungumzo yake yalitolewa kwenye santuri, watu wakanunua maneno matupu wakayasikiliza nyumbani. Wengine husema ni muziki wa R. D. Burman. Mimi nilikuwa pembeni ya sufuria nikigawa makande, na nilichokiona ni hiki: watu hawakuishangilia haki hata mara moja. Waliwashangilia wale wawili walipodanganyana. Veeru alipopanda juu ya mnara wa maji amelewa, akatishia kujirusha mpaka apewe mchumba, na Jai amekaa chini hana haraka, anawaambia watu wamwache, wanawake wazima walishikana mikono kwa kicheko. Kila mmoja alikuwa anamjua mtu wa juu ya mnara na mtu wa chini yake. Wengine wameolewa nao. Filamu yenyewe ilipoanza India wiki za mwanzo ilionekana imeanguka, kisha neno likaenda mdomo kwa mdomo, ikakaa katika jumba la Minerva huko Bombay zaidi ya miaka mitano. Mdomo kwa mdomo, nasisitiza, ndiyo njia iliyoifikisha hata Chome.

Tukafika kwa Thakur. Mzee huyu muda wote amejifunika shali, na hutambui kwa nini hakuokota bunduki iliyokuwa miguuni pake, hadi upepo unapoipeperusha shali na unaona hana mikono, Gabbar aliikata. Mtu yeyote wa Same anaujua upepo. Wa kwetu unashuka kutoka mlimani jioni bila kupiga hodi. Shali ikapepea kwenye runinga, watu wakavuta pumzi, na turubai letu likapepea nalo, likajaa, likang'oka. Mlingoti ukaondoka na waya. Waya ukaondoka na runinga. Ilipita juu ya mjumbe kama mwewe aliyekosa kifaranga, ikatua ndani ya karai la vyombo vichafu.

Giza. Mtoto mmoja akauliza kama Thakur ndiye aliyefanya vile.

"Tulieni!" Baba alisema. Nilimsikia anavyokohoa, nikajua. Mtu huyu alikuwa ameingoja nafasi hii tangu televisheni ilipoingia nchini na kumpokonya kazi. Akawasha tochi ya simu, akaishika chini ya kidevu, akaendelea pale picha ilipokatikia, na kwa haki ya Mungu ilikuwa tamu kuliko ya kwenye runinga. Mbiru ikarudi. Gabbar akaomba vitunguu vya Mang'ola, sijui kwa nini. Akaingia daraja, risasi, baruti. "Sasa Jai anaruka, Veeru anamdaka, pikipiki hiyo, wote wawili..."

"Babu," mwanangu akasema, "Jai anakufa."

Kijana huyu ana miaka kumi na minne na kifurushi cha intaneti. Alikuwa ameshaivuta filamu kwenye simu yake kuanzia pale ilipokatika. Baba akamwambia akae chini. Watu wakasema hapana, tuone. Simu ikapita mkono kwa mkono, watu wanne wanne wamegongana vichwa: Jai amebaki peke yake kwenye daraja kwa sababu sarafu imeamua abaki, Veeru ameenda kutafuta risasi, Veeru amerudi, Jai anakata roho mikononi mwake. Vilio vikaanza upande wa wanawake, vya kweli, wiki nzima vilikuwa havijawa na mtu wa kuliliwa.

Simu ilimfikia Baba mwisho. Aliishika mbali, kisha karibu. Akaona kifo, akatingisha kichwa kwamba hapana, hii ni kopi mbovu. Kisha akaona jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi. Veeru anaichukua ile sarafu ya rafiki yake, anaigeuza, na pande zote mbili ni sawa. Haikuwahi kubahatisha. Tangu mwanzo Jai alikuwa akijiamulia.

Baba aliirudisha simu. Mjomba alikuwa anakula.

"Shemeji," Baba akasema, "siku ile Tanga ni nani aliyetoka mapema kwenda stesheni kulinda mizigo?"

"Wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Sarafu ilisema."

"Na wewe filamu ile ulikuwa umeiona mara ngapi kabla hujanipeleka?"

Mjomba alimeza. "Mara moja," akasema. "Na nusu."

"Toa."

Mwenye duka alimulika. Ilikuwa Mwalimu, na nyuma yake Mwalimu. Shilingi mbili zilizosuguliwa kwa tupa hadi nusu, zikaunganishwa, kazi safi ya karakana ya mkonge, hata ukingo hauonyeshi kitu. Majirani wa kule Moshi hututania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya mbuzi. Usiku ule hapakuuzwa ng'ombe, ila kesi ilifunguliwa palepale kwenye viti vya kukodi, mbele ya mjumbe, na daftari la rambirambi likageuzwa upande wa nyuma kuandikia madai: baiskeli, yule mbuzi, kiti cha dirishani cha treni, mahari iliyopanda, na zaidi ya miaka arobaini ya kumwacha mtu asimulie uongo mbele za watu.

Mjomba alijitetea kwamba kama angemweleza Jai amekufa angelazimika kumweleza na sarafu. Mwanangu, akidhani anasaidia, akasoma kwenye simu kwamba hata mwisho unaojulikana haukuwa wa asili: mwaka 1975 India ilikuwa katika hali ya hatari, wakaguzi wa filamu wakakataa Thakur amuue Gabbar, ikabidi polisi waingizwe wamkamate, na mwisho wa kwanza umekuja kuonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025.

"Kumbe iko miwili!" Baba akaruka. "Basi na wa tatu upo. Wanauficha."

"Babu, yote miwili Jai anakufa."

"Wewe umefika Bologna?"

Ndipo Mama akaweka mwiko chini. Mama hakuwa ameangalia filamu, alikuwa anaokota vyombo ndani ya karai na kutoa vioo. "Kaka," akasema, "na siku ile ya ng'ombe?"

Mjomba akatazama pembeni. Sisi watoto tunalijua jambo hilo kwa juujuu tu. Baba alilazwa muda mrefu, pesa zikaisha, ikabidi ng'ombe auzwe, na wao wawili walikuwa na mmoja mmoja. Walirusha sarafu kitandani kwa mgonjwa. Mwalimu ikitokea, Mjomba anauza wake.

"Alisema Mwalimu," Mama akasema. "Nilikuwapo."

Baba alifikiri sana. Mjumbe alikuwa ameacha kuandika.

"Yule ng'ombe," Baba akasema, "alikuwa na homa."

"Hakuwa na homa!" Mjomba akasimama. "Alikuwa anatoa chupa nne!"

Wakaanza upya, safari hii kuhusu maziwa, na watu wakapata usingizi mmoja mmoja. Mama alitoa hukumu huku akifunga mlango: sarafu inabaki kwake, runinga wanalipa wote wawili, rambirambi zinarudishwa kesho kwa orodha. Kesho yake tulizunguka na daftari. Hakuna aliyepokea. Mwenye duka alisema yeye alitoa kwa ajili ya msiba na msiba aliuona, alilia mwenyewe kwa macho yake, pesa ya nini tena? Alichotaka kujua ni kama arobaini itafanyika, maana kuna watu walikosa nusu ya kati.

Arobaini iliangukia tarehe 3 Januari, Jumamosi tena. Runinga ya kuazima, turubai lililopigwa mambo sita, na safari hii kitoweo kilitakiwa kiwe mbuzi. Mjomba alisema mbuzi atoke kwa Baba, mwenye msiba. Baba akasema atoke Chome kwenye mbuzi wengi. Walipofika kushikana mashati wakaenda jikoni kwa Mama, aliyeitoa ile shilingi kwenye kopo la chumvi, akaishika juu ya kidole gumba.

"Haya. Nani anachagua Mwalimu?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Basi mbuzi wawili," Mama akasema, akairudisha kwenye kopo.